Gari la wagonjwa usiku Dar: nilipaswa kupiga simu wapi?

Binti wa Charambe

Habari zenu wakuu. Jambo hili nimekaa nalo wiki ya sita sasa. Nimelileta hapa kwa sababu najua humu wamo wauguzi, madereva, na watu waliopitia haya haya.

Baba yangu ana miaka 67. Usiku wa kuamkia Jumatano, saa tisa na dakika kumi, mdogo wangu aliamka kunywa maji akamkuta baba ameketi sakafuni karibu na mlango wa choo, mgongo kwenye ukuta, kandambili moja mguuni, nyingine iko mbali. Mdomo umevutika upande wa kushoto. Mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Anatutazama, anatutambua, lakini maneno hayatoki. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nini, maana bibi yetu naye aliondoka kwa kiharusi.

Nikaanza kupiga simu. Namba ya kwanza iliita mpaka ikakata, mara tatu. Ya pili nilipewa na jirani, ya kituo cha afya. Alipokea muuguzi, mpole kabisa, akaniambia gari limepeleka mama wa rufaa na halijarudi, na hata likirudi si la kufuata wagonjwa majumbani. Ya tatu ilikuwa ya kampuni binafsi. Hao walitaka shilingi 180,000 kwa simu kabla gari halijawashwa. Nilikuwa na 62,000. Nikawaomba waje, nitamalizia tukifika. Wakasema wanamuuliza msimamizi, watanipigia. Mpaka leo sijapigiwa.

Kuna kitu kimoja kinaniuma zaidi ya hela. Yule wa kampuni aliniuliza, "Mko wapi?" Nikamwambia Charambe, unaingia kushoto penye kibanda cha mkaa, unapita msikiti mdogo, ukifika kwenye mwembe unauliza kwa Mama Zai. Akaniuliza namba ya nyumba. Nimezaliwa kwenye nyumba ile, nimekulia pale, na sikuijua.

Saa kumi na robo tukampata kijana wa bajaji. Tulimweka baba katikati, mdogo wangu amemshika kichwa, mimi nimemkumbatia ubavuni asidondoke. Kila tuta alikuwa anatoa sauti. Barabara ya Kilwa ilikuwa nyeupe, foleni hakuna hata kidogo, kwa hiyo siwezi kusema foleni ndiyo ilituchelewesha. Hospitali ya kwanza walipima presha wakakuta 210 kwa 120, wakapima na sukari, wakatuambia picha ya kichwa hapo haipigwi, twende hospitali kubwa. Gari lao nalo lilikuwa safarini. Tukarudi kwenye bajaji ile ile. Tulifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Baba yuko hai, namshukuru Mungu. Anatembea kwa kuburuza mguu, na kusema bado.

Ninachoomba kujua ni hiki: mtu wa Dar akipatwa na jambo kama hili usiku, apige wapi? Na kuna kitu ambacho ningekifanya tofauti? Naombeni mniambie ukweli hata kama unauma.

---

Jirani wa Kiburugwa

Pole sana dada, na mzee Mungu amrudishie nguvu zake.

Sisi mtaani kwetu tuliacha kusubiri ambulensi baada ya msiba wa mwaka juzi. Kila nyumba inatoa shilingi 1,000 kwa mwezi, zinakaa kwa mama mmoja ambaye wote tunamwamini, ni za usafiri wa mgonjwa wa usiku tu. Tuna vijana wawili wa bajaji na mwenye Noah mmoja, namba zao ziko kwenye simu ya kila nyumba. Ukipiga saa nane usiku anakuja kwanza, habari ya malipo anamalizana na yule mama asubuhi. Toka tuanze wameshabebwa watu tisa. Noah ni bora kuliko bajaji kwa mgonjwa wa kiharusi, kiti cha nyuma kinalala.

---

Dereva wa Zamu

Dada, mpe mzee pole yangu. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa hapa hapa Dar, huu ni mwaka wa kumi na mbili niko kwenye usukani. Kituo changu sitakitaja. Nitakujibu ulivyouliza, kwa ukweli.

Nianze na namba. 115 ni ya bure, lakini hiyo ni ya mfumo wa m-mama: mjamzito, mama aliyejifungua ambaye hajamaliza siku 42, na mtoto mchanga asiyefikisha siku 28. Ulianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 ukazinduliwa kwa ajili ya nchi nzima. Nautaja kwa sababu ndio mfumo niliouona ukifanya kazi inavyotakiwa. Simu inapokelewa na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Anauliza maswali kwa mpangilio, anaingiza hali ya mgonjwa kwenye kompyuta, anaona gari gani liko karibu. Ambulensi ikikosekana anampigia dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyeandikishwa, na malipo yake yanaingia kwa simu safari ikiisha. Mgonjwa hadaiwi nauli. Mzee wako angekuwa mama mwenye uchungu wa kujifungua, usiku ule ungekuwa na simu moja ya kupiga. 114 ni Zimamoto na Uokoaji, ya moto na watu waliobanwa kwenye magari. 112 inapokelewa na polisi. Kwa mzee mwenye kiharusi ndani ya nyumba Charambe, unabaki na namba za kituo kimoja kimoja, na namba hizo nyingi ziko kwenye simu ya muuguzi wa zamu, ndani ya mfuko wa gauni lake la kazi. Yule aliyekupokea yawezekana kabisa mkono mmoja ulikuwa kwa mama anayejifungua.

Alichokwambia kuhusu gari pia ni kweli. Magari yetu mengi ni ya rufaa: kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, kutoka kituo kwenda hospitali ya mkoa, Temeke, Amana au Mwananyamala, na kutoka hapo kwenda Muhimbili. Yalipangwa kwa safari hizo. Mgonjwa wa nyumbani anategemewa ajilete.

Ila kuna jambo watu hawalioni, nalo ndilo linalotumaliza. Mnaposikia "gari halijarudi" mnadhani liko barabarani. Mara nyingi halipo barabarani. Limeegeshwa mbele ya mapokezi ya hospitali kubwa, mimi nimesimama ukumbini nimeshika ufunguo, siwezi kuondoka kwa sababu machela yangu iko chini ya mgonjwa.

Mwezi wa tatu nilimpeleka kijana wa bodaboda, mguu umevunjika juu ya goti, anapumua kwa oksijeni. Tumefika saa tano usiku, vitanda vimejaa, kuna wagonjwa wamelala wawili wawili. Daktari akasema abaki kwenye machela yenu mpaka nafasi ipatikane. Sasa ile machela ni ya gari, na mtungi wa oksijeni ni wa gari. Nikitoka bila vitu hivyo nimetoka na gari la kubebea mizigo. Muuguzi niliyekwenda naye ndiye pekee wa wodi yake, kule wamebaki na mhudumu. Nikakaa naangalia mshale wa mtungi unashuka, simu inaita: uko wapi, uko wapi, kuna mtoto ana degedege. Niliondoka saa saba na nusu. Yule mtoto walimpeleka kwa pikipiki. Sijui alifikaje, na sikuthubutu kuuliza.

Kwa hiyo tukiongezewa magari, na yaje, tunayahitaji. Lakini gari jipya lisilo na machela ya akiba, lisilo na muuguzi wake, na likikosa mtu mmoja wa kulifuatilia liko wapi na linaachiwa saa ngapi, litaegeshwa pale pale kando ya langu.

Suala la anwani usijilaumu peke yako, maana ni la jiji zima. Nimewahi kuzunguka Kivule dakika arobaini naitafuta nyumba. Mpigaji ananiambia njoo tu utatuona. Maduka ya Mangi nimepita matano. Simu yake ikaisha chaji. Mwisho nilizima king'ora nikashusha kioo nikasikiliza ni upande gani watu wanalia.

Vile vibao vya anwani za makazi vya mwaka 2022, wakati tunajiandaa na sensa, vina maana kubwa kwetu. Namba ya nyumba na jina la mtaa nikiwa navyo, programu ya NaPA kwenye simu inanionyesha nyumba yenyewe. Lakini nani anaijua namba yake saa tisa usiku? Iandike ukutani karibu na swichi ya taa. Na ukipiga simu popote, cha kwanza taja namba yako ya simu, ikikatika tukupigie. Kisha mahali. Ndipo useme mgonjwa ana nini. Watu wengi wanaanza na historia ya ugonjwa, salio linaisha hatujui hata ni Mbagala au Mbezi.

---

Nesi Usiku

Dada pole sana. Nipo idara ya dharura. Dereva amesema yote ya barabarani, mimi naongeza ya kwenu nyumbani na ya kwetu ndani.

Kumweka baba katikati na kumshika kichwa mlifanya vizuri kadiri ya mlichokuwa nacho. Siku nyingine alazwe ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo, na mtu asimpe maji, uji wala kidonge. Koo nalo linaweza kuwa limepooza, akimeza kinaingia kwenye mapafu. Presha ikiwa juu namna ile msimpe vidonge vya jirani ili ishuke haraka, ikishuka ghafla ubongo unakosa damu zaidi. Hili naliona kila mwezi na linatuuma sana.

Sasa nataka nikuulize jambo, na nalisema kwa upendo. Tunapompokea mgonjwa wa kiharusi swali letu kubwa ni moja: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Hatuulizi mlimkuta saa ngapi. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa, kwa sababu ikiwa mshipa umepasuka dawa hiyo hiyo inaua. Si hospitali zote zinayo, na kwa wengi wetu bei ni mlima. Lakini hata isipokuwepo, saa ile inatuongoza. Nyinyi mlisema saa ngapi?

Wanaotukasirikia pale mapokezi tunawaelewa. Fani yenyewe ya tiba ya dharura ni changa kwetu, idara kamili ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Sensa ya 2022 ilikuta jiji hili lina watu 5,383,728. Kitanda kinapatikana pale aliyemo anapopanda wodini au kuondoka, na wodini nako kumejaa. Dereva, zile saa unazosimama ukumbini, nami nasimama upande wa pili wa mlango nikitafuta hata benchi. Machela yako naiona. Huwa siipendi kabisa kuishikilia.

---

Mkazi wa Kayole

Poleni sana ndugu zetu. Hapa Nairobi mambo yanafanana, tofauti ni kwamba tuna mashirika mengi. Kuna 999 na 112, kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu, kuna za kaunti, kuna za hospitali binafsi. Ukiwa na bima nzuri ambulensi inakuja haraka. Ukiwa huna, unauliza jirani mwenye probox.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Niliisoma nikiwa shuleni nikafurahi. Halafu Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari akakaa saa 18 ndani ya ambulensi, anazungushwa akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na mwishowe akafariki. Ambulensi ilikuwepo. Wahudumu walikuwa naye na hawakumwacha. Kilichokosekana ni mahali pa kumshusha. Kwa hivyo nimemwelewa sana huyo dereva, na naomba watu wake wa mipango wamsome. Kabla gari halijatoka, mtu apige simu mbele aulize kitanda kiko wapi.

---

Mtanga wa Birmingham

Naongezea kidogo tu. Huku Uingereza mpokea simu anakaa mbele ya skrini tatu, simu yako inamwonyesha ulipo kabla hujasema neno. Kwa mgonjwa wa kiharusi au moyo lengo lao ni wastani wa dakika 18. Desemba 2022 wastani England nzima ulipita saa moja na nusu. Nilikuwa nafanya usafi wa usiku hospitalini wakati huo, nikaziona ambulensi zimepanga mstari nje, taa zinawaka, wagonjwa wako ndani yake, kwa sababu ndani ya jengo hakuna pa kuwaweka. Wazee waliopona hawakuwa na wa kuwahudumia nyumbani, basi walibaki wodini, na mlango wa mbele ukaziba. Kaka Dereva aliyoyasema ukumbini kwake nimeyaona kwa macho yangu kwenye nchi yenye pesa.

---

Binti wa Charambe

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni. Kaka Dereva, nimeelewa yule muuguzi alikuwa na hali gani, na nimejuta maneno niliyomwambia kabla ya kukata simu.

Dada Nesi, swali lako nimeshindwa kulala nalo. Hospitali kubwa waliuliza hivyo hivyo, nikajibu baba alilala saa nne usiku akiwa mzima. Kijana akaandika saa nne, wakasema muda umeshapita. Jana nikamuuliza mama. Akaniambia saa nane na nusu baba aliamka, akakohoa, akamuuliza kama ndoo ya choo ina maji. Alisema vizuri, maneno kamili. Mama alimjibu akarudi kulala. Usiku ule mama tulimwacha nyumbani kwa sababu bajaji ilijaa. Hakuna aliyemuuliza, na mimi nilijibu nisilolijua.

Sijui kama ingebadilisha chochote, umesema dawa yenyewe si kila mahali. Sitaki mtu anifariji kwa hilo. Nataka tu mwingine anayesoma hapa aulize kila mtu aliyelala ndani ya nyumba kabla hajapanda gari, na akiondoka na namba ya simu ya yule anayebaki itamsaidia.

Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa nikaomba namba ya nyumba yetu. Ilichukua dakika tano. Kibao chetu kiling'oka tulipopaka chokaa, kilikuwa stoo chini ya magunia. Nimeandika karatasi nimeibandika karibu na swichi: namba ya nyumba, jina la mtaa, simu ya kijana wa bajaji, simu ya mwenye Noah wa mtaa wa nyuma, dawa za baba, na chini kabisa nafasi ya kujaza "alionekana mzima saa ngapi, nani alimwona". Ya Kiburugwa kuhusu kuchangishana nimempelekea mjumbe, amesema Jumapili tutakaa.

Swali la mwisho kaka Dereva. Nyumba yetu iko ndani, gari haliingii mpaka mlangoni, linaishia kwenye mwembe. Kibao nikirudishe ukutani kwetu au nikiweke kule njiani?

---

Dereva wa Zamu

Kibao kirudishe ukutani kwenu, hapo ndipo kilipoandikishwa. Pale kwenye mwembe muombe mwenye ukuta wa mwanzo akuruhusu kuandika jina la mtaa na mshale kwa rangi nyeupe, usawa wa taa za gari, yaani kiunoni. Juu zaidi ya hapo usiku sioni. Na mkishapiga simu, mtu mmoja atoke na tochi asimame barabarani, asirudi ndani hata akisikia vilio. Nikimwona yeye nimeshafika.